Mama Furaha Hakuwa Mwizi

Wanangu mnaoanza kazi ya kushona mifarishi, nimeambiwa niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Moyo mtautia wenyewe. Mimi nitawaandikia kilichoniudhi, kwa sababu mpaka leo, na magoti haya yaliyochoka kukanyaga cherehani, nikilikumbuka duka lile huwa nabwaga sufuria jikoni na wajukuu wananiuliza, "Bibi, unagombana na nani?"

Nagombana na Fideli. Nagombana na baba yake. Na kuliko wote nagombana na Zaina, ambaye ndiye mimi.

Duka lilikuwa Gisenyi, juu kidogo ya soko, na miaka ninayoisema ni ile ya mwishoni mwa tisini. Lilikuwa la Mzee Anastazi, fundi wa siku nyingi, mtu mpole, mkono wake hautoki kwenye pasi ya makaa. Mtoto wake Fideli, mwanamume wa miaka thelathini hivi, ndiye aliyepokea wateja na kutuamrisha. Mbele duka, katikati chumba cha kazi, nyuma nyumba yao. Kati ya chumba chetu na nyumba yao palikuwa na pazia la kijani tu. Walichopika tulikinusa. Tulichosema walikisikia. Hilo la kusikia lishikeni, nitalirudia.

Wanawake tulikuwa sita. Tulikaa kuzunguka fremu ya mbao, mfarishi umetandazwa juu yake kama ngoma, kila mmoja na upande wake. Wateja wengine waliuita kuvreli, sisi tuliuita mfarishi, kitu ni kile kile: juu vipande vya vitenge vilivyoungwa, chini merikani, kati blanketi jipya jepesi au pamba safi. Halafu mshono wa mkono unaopita matabaka yote matatu. Anayewaambia kazi hii ni ya kuunga vipande vya rangi haijui. Vipande hata mlevi ataunga. Kazi ni kupitisha.

Aliyetufundisha kupitisha ni Mama Furaha. Alikuwa wa Goma, mjane, umri wa mama yangu. Kila asubuhi alivuka mpaka pale Grande Barrière na kundi la wachuuzi, akaingia dukani viatu vya plastiki mkononi, miguu ina vumbi jeusi la mawe ya volkano, akanawa kwenye beseni mlangoni ndipo aguse kitambaa. Jioni ilibidi aondoke mapema, kwa sababu mpaka ukifungwa umefungwa, haujali wewe ni mama wa nani.

Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Changu kilikuwa cha baba yangu, aliyekuja na biashara ya vyombo kutoka Ujiji na kuoa hapa, na Mama Furaha alinicheka tangu siku ya kwanza. "We Zaina unasema sawa redio," aliniambia. "Lakini redio haijue kushona. Kaa hapa."

Nilikaa. Nikaharibu.

Mfarishi wangu mkubwa wa kwanza ulikuwa wa bibi harusi mmoja wa mtaani kwetu. Nilipanga kitenge chekundu kando ya kitambaa cheupe, pembe kwa pembe, mpaka mwenyewe nikasimama mbali kuutazama na kujisifu. Wiki mbili baadaye mama wa bibi harusi akaurudisha umekunjwa kwenye karatasi ya plastiki. Walikuwa wameuanika juu ya ua, mvua ikapiga, wekundu ukatembea mpaka kwenye weupe. Ulionekana kama mahali palipochinjwa mbuzi. Yule mama aliuliza nani kaushona, na sauti yake ilifika sokoni.

Mama Furaha akasimama kabla yangu. "Ni mimi sikuangalia, mama. Utuachie, tutafanya ingine."

Hakunitaja. Yule mama alipoondoka, Mama Furaha akanipa beseni, chumvi na rundo zima la vitenge vya duka, akaniambia nifue kimoja kimoja kabla ya mkasi kukigusa. Nilifua mwezi mzima, vidole vikabanduka. "Kitambaa ikikudanganya ndani ya beseni, umepona," aliniambia. "Ikikudanganya kwa kitanda ya watu, muongo ni we."

Fueni vitenge kabla ya kukata. Na msipojua kama uzi ni pamba kweli, uchomeni: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu, nailoni inajikunja kuwa ushanga mweusi. Na mkianza kupitisha, anzeni katikati mkienda pembeni, vinginevyo mikunjo itawakimbilia hadi ukingoni na mtaikuta imejaa huko kama wageni wasioalikwa. Haya yote ni yake. Msiseme ni ya Bibi Zaina.

Sasa Fideli. Fideli alikuwa na neno lake: familia. Ukichelewa, "sisi hapa ni familia, usituumize." Ukiomba siku ya kumpeleka mtoto hospitali, "familia inavumiliana." Basi dada yake akaolewa. Tulimshonea mfarishi wa harusi kwa wiki tano, sote sita, mishono midogo kama punje za mchele, na tulialikwa kwa maneno matamu. Tukaenda tumevaa. Mlangoni Fideli akatupokea na aproni mikononi, akatuelekeza uani kwenye masufuria. Tukaosha sahani za watu mia mbili tukiwa na vitenge vyetu vya sikukuu. Mama Furaha, mikono ndani ya povu, akatutazama mmoja mmoja. "Bon," akasema, "familia iko na jikoni pia." Tulicheka mpaka tukalia. Ningejua, ningelia tu.

Kulikuwa na desturi moja nzuri dukani, na ilitoka kwa Mzee mwenyewe. Siku moja alikuwa anapiga pasi pale pale chumbani, sisi tunafagia vipande vilivyobaki, akasema bila hata kuinua kichwa: "Vilivyo vidogo kuliko kiganja msitupe. Chukueni, mkawashonee watoto wenu." Tulimsikia sote sita. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu alikuwa na kifuko chake cha vipande, na watoto wetu walivaa kaptura za viraka kumi na mbili.

Ndipo ikaja kazi ya Nyakiriba. Huko juu, kwenye vilima vya viazi, palikuwa na kituo cha kina mama wanaojifungua. Kuna baridi kule, asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba. Walitaka mifarishi midogo arobaini ya kuwafunikia watoto wachanga. Mama Furaha alifurahi kwa namna ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alichagua vitenge mwenyewe, vilaini, vilivyokwisha kufuliwa mara nyingi. Tuliunga tabaka la juu la mifarishi yote arobaini kwa siku chache tukiimba.

Kisha Fideli akaleta tabaka la kati. Yalikuwa magunia manne, wapakuzi wakayabwaga chumbani na vumbi likapanda tukakohoa. Mama Furaha akafungua moja, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Fideli, hii ni nini?"

"Pamba, Mama."

"Pamba ya wapi?"

"Ya kwenu. Goma."

Akatoa mkono. Kwenye ngumi yake palikuwa na donge la kijivu limegandana, nywele za mtu zimejisokota ndani, na upande mmoja doa la kahawia lililokauka likawa gumu kama ngozi. Kunguni akatoka kwenye donge, akatembea juu ya kidole chake taratibu, kama mwenye nyumba.

"Ona, iko anatembea," Mama Furaha akasema. "Hii ni magodoro ya kutupwa. Watu walikojolea humu, ao walikufia humu, we unajua? Mutu anaweza kuweka mutoto wa siku moja hapa?"

"Itaanikwa. Halafu juu kuna kitenge, chini kuna merikani. Nani ataona?"

"Ngozi ya mutoto itaona."

Fideli akatabasamu. Tabasamu lile ninalo mpaka leo. "Mama Furaha, sisi hapa ni familia. Familia haibishani mbele ya watu."

Mama Furaha akalirudisha lile donge guniani, akajifuta mkono kwenye ukuta, maana hakutaka kuuweka kwenye nguo yake. "Donc familia yako ilale ya kwanza," akasema. "Mutoto wako iko na miezi mitatu. Mulete. Mi nitamushonea wake leo, na hii pamba yako. Akilala usiku mbili ndani, mi nitashona zote arobaini, na sitasema neno."

Fideli alitoka nje akaupiga mlango, na mimi, wanangu, nilimpenda yule mama siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye wa damu yangu. Nilimpenda kwa muda wa siku moja. Sikilizeni nilivyomlipa.

Kesho yake jioni, tulipokuwa tunavua subana vidoleni, Fideli akasimama mlangoni. Hakutuita sote. Alimwita yeye.

"Mfuko."

"Mufuko ya nini?"

"Wako. Fungua."

Mama Furaha akampa. Fideli akaumwaga sakafuni: karanga kidogo, sabuni ya kipande, karatasi yake ya kuvukia mpaka, na vipande vya vitenge, vidogo vidogo, kama ishirini.

"Na hivi?"

"We unajua ni nini. Muzee alisema tuchukue."

"Nani alisikia?" Akatugeukia. "Nauliza. Nani hapa alimsikia baba yangu akisema watu wachukue mali ya duka?"

Sote watano tulikuwa na mifuko yetu mikononi, na kila mfuko ulikuwa na vipande. Wangu ulikuwa na vingi kuliko wake. Tulikuwa tumeubana kwapani kila mtu wake, kama vifaranga vya kuiba.

"Esperansi?"

Esperansi, aliyekuwa jirani yangu kwenye fremu, akatazama dirishani.

"Zaina? Wewe ndiye mtu wa kweli hapa, unaswali. Ulisikia?"

Nilisema, "Sijui."

Hata kunyamaza kungekuwa bora. Nilisema neno moja tu, na lilikuwa la uongo.

Mnaniuliza kwa nini. Nimekwisha kuwajibu watu kwamba mume wangu hakuwa na kazi, watoto wawili, miaka ile watu walikuwa wanaogopa hata vivuli vyao, na ni kweli. Lakini chini ya ukweli huo kulikuwa na mwingine mchafu. Kiti cha Mama Furaha kilikuwa kile cha dirishani, mahali penye mwanga, pa fundi mkuu. Na wakati Fideli ananiuliza, jicho langu lilikwenda kwenye kile kiti. Lilikwenda lenyewe. Nalilaani.

Kisha, nyuma ya pazia la kijani, mtu akakohoa. Kila mmoja wetu alikijua kikohozi kile. Alikuwa Mzee Anastazi. Alikuwa pale, hatua nne kutoka tulipo, ameyasikia yote. Nikangoja pazia lifunguke. Halikufunguka.

Mama Furaha akainama, akaokota karanga zake, sabuni na karatasi ya mpaka. Vipande akaviacha sakafuni. Akatutazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayehesabu watoto asubuhi kuona nani hayupo.

"Bon. Mubaki muzuri."

Akaondoka haraka, kwa sababu mpaka ulikuwa karibu kufungwa, na huo ndio ukatili mwingine: hata kusimama njiani na kulia hakuwa na nafasi.

Kabla ya wiki kwisha, mafundi wote wa soko walikuwa wamekwisha kuambiwa. Alikwenda kuomba kazi mahali patatu, na kote alijibiwa kwamba hawataki mwizi wa vitenge. Mimi nilipewa kiti cha dirishani.

Nilishona ile pamba. Naandika wazi: mikono hii iliishona. Niliijaza, nikapiga bandi kwa mishono mirefu ya kuishika, nikapitisha. Ngozi ilinitoka vipele mpaka kwenye viwiko. Nikawapeleka kunguni nyumbani, binti yangu mdogo akawa anajikuna mgongo akilia, na mimi nampaka mafuta nikimwambia ni joto. Juu, mifarishi ilikuwa mizuri ajabu. Mtu angeipiga picha.

Fideli akanichagua kupeleka mzigo. "Wewe nakuamini," akaniambia. Tulikwenda na pikapu asubuhi, mimi na dereva, maana barabara za vilima miaka hiyo, kwa hofu ya vita, mtu alizipita mapema na kurudi mapema. Njia nzima nilikaa juu ya mifarishi ile nikiwashwa, na nikiwashwa najiambia sitasema kitu, nitatia sahihi na kurudi.

Nesi mkuu wa kituo alitupokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu. Akachukua mfarishi wa juu kabisa, akaugeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye mishono. "Mungu aibariki hii mikono," akasema. Kisha akamwita mzazi aliyekuwa ameketi kwenye benchi, msichana tu, mtoto wake ana siku mbili, amemfunga kwa kitenge chake mwenyewe kilichopauka. "Njoo, mama. Wako ndio wa kwanza."

Yule msichana akautandaza kitandani. Akaulainisha kwa kiganja, polepole, na akawa anatabasamu. Akaanza kumfungua mtoto.

"Subiri," nikasema.

Nesi akanitazama.

"Nipe mkasi."

"Mkasi wa nini?"

Sikungoja. Ulikuwa kwenye meza yake karibu na bandeji. Nikaushika mfarishi niliouzungushia pindo mwenyewe, nikauchana kutoka kona moja hadi nyingine. Lile donge la kijivu likamwagika kitandani, nywele na madoa na vyote. Msichana akaruka nyuma, mtoto kifuani. "Yoo!"

Nesi hakupiga kelele. Alitazama kitanda, akanitazama mimi. "Ni nani aliyeshona hii?"

"Mimi."

"Ulijua kilichomo?"

"Nilijua."

"Yote arobaini?"

"Yote."

Nilifikiri atanishukuru. Hivyo ndivyo mtu mwenye hatia anavyojidanganya: akifungua mdomo kwa kuchelewa anangoja apigiwe makofi. Yule nesi aliniambia kwa sauti ya chini, "Itoe nje. Na wewe utoke nayo." Tukaipakia tena mifarishi yote chini ya manyunyu, kina mama wametujaa mlangoni wanatutazama. Tukashuka mpaka tukaanza kuliona ziwa la Gisenyi. Hapo dereva akaniambia, "Zaina, umejiua." Nikamwambia aendeshe gari.

Fideli alinifukuza barazani, mbele ya wapita njia. Aliniita nyoka. Sikuumia, nilikuwa nimekwisha kujiita mabaya zaidi. Kilichoniumiza ni Esperansi. Kazi ya Nyakiriba ilipokataliwa, Fideli aliwatoa wanawake wawili, yeye mmojawapo, na akaja nyumbani kwangu na mtoto mgongoni.

"Ulikuwa unangoja nini?" akaniuliza. "Ungesema siku ile, na sisi tungesema. Tulikuwa watano, angetufukuza sote na kushona peke yake? Umengoja mpaka ukawa peke yako, na sasa tumeanguka mmoja mmoja."

"Na wewe ulitazama dirisha."

"Ndiyo, nilitazama dirisha! Nilikuwa nakungoja wewe! Mama Furaha alikupenda wewe!"

Tuligombana mpaka mtoto akaamka. Alikuwa na haki, mimi nikawa na haki, na haki zetu mbili hazikuweza kupika hata ugali.

Nikaenda Goma kumtafuta Mama Furaha. Nilivuka asubuhi na wachuuzi, nikauliza huku na huku, nikaelekezwa kwenye uwanja wa makaa. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, uso mweusi kwa vumbi, sindano kubwa ya gunia mkononi, anafunga midomo ya magunia ya makaa kwa kamba ya katani. Mtu aliyeweza kupitisha mishono kumi ndani ya urefu wa kidole. Na magunia yale, wallahi, aliyafunga vizuri. Mishono imelingana yote.

"Mama Furaha, shikamoo."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Nilisikia ulikata mufarishi kule Nyakiriba."

"Nilikata. Nimekuja kuomba msamaha."

"Hapa?"

"Hapa."

Akatazama huku na huku: magunia, mbwa mmoja, mzee mmoja amelala. "Mimi uliniita mwizi mbele ya nani?"

"Sikukuita mwizi, nilisema..."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote."

"Na musamaha unaniletea mahali hakuna mutu." Akavuta kamba kwa meno, akafunga fundo. "Sitaki. Rudi nayo. Peleka pale uliniachia uchafu, useme na mudomo ule ule. Ukimaliza, usikuje kuniambia. Nitasikia."

Hakunipa maji. Nilirudi na kiu yangu.

Nilichagua Jumamosi, saa ambayo duka linajaa. Nilivaa vizuri. Ndani walikuwemo wateja saba au wanane, na miongoni mwao fundi mmoja wa sokoni, kati ya wale waliomkatalia Mama Furaha kazi. Mzee Anastazi alikuwa kwenye pasi yake. Fideli aliponiona akanyoosha mkono kunionyesha mlango.

"Nina neno moja," nikasema. "Mama Furaha hakuwa mwizi. Mzee mwenyewe alituruhusu vile vipande. Nilimsikia. Fideli aliponiuliza nilisema sijui. Nilikuwa muongo. Mfuko wangu siku ile ulikuwa na vipande vingi kuliko wake, na wenzangu walioketi pale fremuni wanajua ya kwao ilikuwaje. Alifukuzwa kwa sababu alikataa kuwashonea watoto wachanga magodoro ya kutupwa."

"Toka," Fideli akasema. "Toka kabla sijakutoa."

"Mzee," nikasema, "ulisema au hukusema?"

Mzee Anastazi alisimama na pasi chini ya kiganja chake. Hakuiinua. Tukaanza kunusa kitenge kinaungua, moshi mwembamba ukapanda mbele ya uso wake.

"Nilisema," akajibu.

"Papa!"

"Nilisema, Fideli. Na siku ile nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia." Ndipo akaiinua pasi, na pale kwenye kitenge pakabaki alama nyeusi yenye umbo lake.

Yule fundi wa sokoni akatoka bila kununua. Kufikia jioni habari ilikuwa imezunguka kwa midomo ile ile iliyoubeba uongo, na kwa kasi ile ile. Hawakuona haya hata kidogo.

Sasa ngojeni niwaambie kinachonichoma zaidi. Watu walimsifu Mzee. Mpaka leo utasikia, "Mzee Anastazi alikuwa muungwana, alikiri mbele ya watu." Alikiri! Alikuwa na hatua nne tu za kutembea siku ile, na alikuwa na miguu. Aliwangoja wanawake wanne walipe ndipo akapata heshima ya kusema kweli. Ni kweli kwamba aliifungua mifarishi ya Nyakiriba kwa mikono yake, akachoma ile pamba uani, akaweka blanketi jipya, na watoto wa kule wakafunikwa. Ni kweli alimrudisha Esperansi kazini. Alinitumia hata mimi salamu nirudi, sikurudi. Na akamtuma mtu Goma kumwomba Mama Furaha arudi kwenye kiti chake, naye akajibu maneno mawili: "Umuambie nimesikia." Lakini duka halikufungwa, wanangu. Fideli hakuaibika zaidi ya mwezi mmoja. Alinenepa, akaendelea kuitwa patron, bwana mkubwa, na alipokutana nami njiani alinisalimia kwa furaha kama aliyenisamehe.

Kwa hiyo sitawaambia kwamba ukweli hushinda. Nawaambia muuseme siku yake. Ukiuchelewesha wiki tatu, kuna mtu anafunga magunia ya makaa wiki hizo tatu.

Mama Furaha alipata kazi kwa fundi mwanamke mmoja wa upande wetu, karibu na barabara ya kwenda Grande Barrière. Mimi nilipata baraza la kushonea kwenye barabara hiyo hiyo. Basi kila asubuhi alipita mbele yangu na wachuuzi, na kila asubuhi niliinuka nusu kutoka kitini.

"Bonjour, madame," alisema, kama unavyomsalimia mke wa mtu usiyemjua, akapita.

Ilikuwa hivyo mwaka mzima na zaidi. Sikumfuata, sikumtumia mtu, sikumpelekea zawadi. Niliitikia "Bonjour, Mama Furaha," nikaketi, na siku nyingine nilishona vibaya mpaka adhuhuri.

Asubuhi moja ya mvua akapita, akaenda hatua chache, akarudi. Akasimama mbele ya cherehani yangu, maji yanamchuruzika kwenye kitambaa cha kichwa, akafungua mfuko wake, akatoa kikebe cha sindano na kidonge cha uzi mweupe.

"Zaina," akasema. "Macho yangu inakatala. Nitungie."

Nilikosa tundu mara mbili, naye akangoja. Nilimtungia sindano saba. Akazichomeka moja moja kwenye ukosi wa blauzi yake, akizihesabu kwa midomo, akafunga kikebe.

Sikumuuliza kama amenisamehe. Hakuniambia.

"Kesho ufike hapa mapema," akasema, akaenda kazini.